Kirai Hiki ni cha Nani?

Mwaka 1877 walimu wawili wa Brooklyn, Alonzo Reed na Brainerd Kellogg, walitoa kitabu cha sarufi ya Kiingereza chenye michoro ambayo sichoki kuitazama. Stephen Clark alikuwa amewatangulia kwa miaka 30, akiliweka kila neno ndani ya kiputo chake hadi ukurasa ukajaa mapovu. Wao waliondoa viputo wakabakiza mistari.

Kazi huanza kwa mlalo mmoja. Kiima kushoto, kitenzi kulia, kati yao mstari wa wima unaoupenya mlalo. Shamirisho nayo hutengwa kwa wima, ila huu hugota juu ya mlalo, haupiti. Vivumishi na vielezi hushuka kwa mishazari.

Utamu uko kwenye virai. Katika kirai kihusishi, kihusishi hukaa kwenye mshazari na nomino yake kwenye mlalo mdogo chini, na mshazari huo lazima ushikane na neno fulani hapo juu. Chukua “I saw the man with the telescope”. Ukiushikiza kwenye “saw”, darubini ni yangu, ndiyo niliyomwonea yule bwana. Ukiushikiza kwenye “man”, darubini anayo yeye. Msomaji anaweza kuipita sentensi hii bila kuchagua; mwenye kalamu hawezi.

Kirai cha kitenzi kikishika nafasi ya nomino, mfano “swimming in the river” kikiwa kiima, huinuliwa kizima juu ya mguu wenye panda, kama dungu la kuamia ndege shambani. Ukubwa wa kirai si hoja. Dungu husimama palepale ambapo neno moja lingesimama.

Sasa jaribu “Walking to the market, the rain started”, kosa ambalo hata magazeti hulipitisha. “Walking” inatafuta nomino ya kuning'inia, na kwenye mstari mkuu ipo moja tu: mvua. Basi mvua imekwenda sokoni.

Tuliosoma uchanganuzi kwa matawi, sentensi (S) juu, kirai nomino (KN) na kirai tenzi (KT) chini, tutalalamika kwamba mchoro huu unavuruga mpangilio wa maneno. Ni kweli. Hata swali hupangwa upya kama taarifa kabla ya kuchorwa, na kwa mwanaisimu hiyo ni hasara kubwa. Kwa mhariri, naona si kitu.

Utangulizi wa Katiba ya Marekani ni sentensi moja ya maneno 52. Ukiichora, mstari mkuu unabeba kiima cha neno moja, vitenzi viwili na shamirisho. Malengo yote sita ya taifa, haki na amani na ulinzi na mengineyo, yanashuka chini yake yamepangwa safu moja, kila moja na virai vyake, na hakuna hata kimoja kilichokosa pa kushika.