Tazama Majani Kwanza, Injini Baadaye

Muuzaji wa mashine za kukata majani anajua udhaifu wetu watu wa Lubumbashi. Ukisimama mbele ya ile ya kukaliwa, isiyo na usukani, haraka ataiwasha, aongeze mafuta, ingurume hadi majirani wachungulie. "Papa, sikia nguvu hiyo!" Basi bei inaanza kuzungumzwa hapo hapo, na mnunuzi hajainama hata mara moja kutazama chini.

Injini ni ya kukaguliwa mwisho. Sehemu kubwa ya mashine hizi hubeba injini za watengenezaji walewale wachache, kina Kawasaki, Kohler na Briggs & Stratton. Kinachotenga mashine njema na mbovu kiko karibu na udongo, na shahidi wake ni majani yenyewe.

Anza na mahali pa kugeukia. Tangu John Regier wa Kansas, Marekani, alipobuni mashine ya namna hii mwaka 1963, msingi wake ni uleule: kila gurudumu la nyuma linasukumwa peke yake, siku hizi kwa kawaida kwa mafuta yenye shinikizo, na kila moja lina mkono wake wa chuma mbele ya dereva. Sukuma yote miwili, unakwenda mbele. Sukuma mmoja na kuvuta mwingine, mashine inazunguka palepale iliposimama. Magurudumu ya mbele hayaongozi chochote, yanafuata tu kama ya toroli la supamaketi.

Uzuri huo ndio unaojeruhi bustani. Dereva asiyejua kazi akifika mwisho wa mstari husimamisha gurudumu moja kabisa, kisha anazungusha mashine nzima juu yake. Tairi linasokota mahali pamoja, majani yanang'oka na mizizi, na hapo panabaki duara la udongo mwekundu. Mwezi wa Januari, ardhi ikiwa imeshiba mvua, jeraha hilo halichukui hata sekunde mbili kutokea. Fundi hufanya vingine: hupunguza mwendo, huingia kona kidogo, hurudi nyuma, kisha huchukua mstari mpya, magurudumu yote mawili yakiwa yanabingirika muda wote. Ukitaka kumwajiri mtu, usimuulize amefanya kazi miaka mingapi. Omba uoneshwe bustani anayoikata sasa, uende moja kwa moja kwenye pembe zake na kwenye shina la mwembe. Katikati ya bustani kila mtu ni hodari.

Kisha chuma jani moja lililokatwa, ulitazame ncha yake kwa karibu. Kisu kikali huacha ncha iliyonyooka, kama ya mkasi. Kisu butu hakikati, kinachana: utaona nyuzi nyeupe zimening'inia, na baada ya siku mbili bustani nzima inavaa rangi ya majivu kwa juu ingawa chini ni kijani. Wengi hudhani ni ugonjwa, wakanunua dawa. Dawa yake ni tupa, na dakika chache za kusawazisha kisu kwa kukitundika kwenye msumari. Upande ukiinama ndio mzito, upunguze. Kisu kisicho na usawa hutetemesha mashine yote na kuua beringi kabla ya wakati, kwa sababu ncha zake hukimbia sana: viwango vya Marekani vinaruhusu hadi karibu mita 96 kwa sekunde.

Mistari ya ngazi-ngazi, upande mmoja mfupi na mwingine mrefu, ina maana nyingine. Kabla ya kulaumu chuma, pima upepo wa matairi. Tairi moja la nyuma likilegea, bakuli zima linalofunika visu linaegemea upande huo. Matairi yakiwa sawa, weka mashine juu ya sakafu ya saruji na upime kisu kwa rula: mbele kinatakiwa kiwe chini kuliko nyuma kwa milimita 3 hadi 6. Muuzaji ambaye hajawahi kusikia habari ya kipimo hicho anauza vyuma tu.

Sasa piga magoti, injini ikiwa imezimwa na waya wa plagi umechomolewa. Bakuli la visu huja kwa namna mbili. Lipo la bati lililokandamizwa kwa kalibu, jepesi, linalofaa bustani laini. Lipo la mabamba mazito yaliyochomelewa, na katika yale ya kazi nzito bamba hufikia karibu milimita 4.5. Kwa viwanja vyetu, vyenye vipande vya matofali na mizizi iliyojitokeza, mimi sioni hoja ya kununua la kwanza. Shika kisu, ukitikise juu na chini. Kikicheza hata kidogo, beringi zimekwisha. Tazama pia kama mhimili wa kisu una chuchu ya kuwekea grisi. Usio nayo hutupwa mzima ukiharibika, na kuupata mwingine ni kungoja mzigo upite mpaka wa Kasumbalesa.

Katanga ina mitihani yake mitatu. Wa kwanza ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba mvua hakuna, majani yanasinzia, na anayeendelea kukata anakata vumbi zaidi kuliko majani. Tafuta injini yenye chujio la hewa la matabaka mawili ndani ya kopo, si lile la karatasi moja lililolala juu ya injini. Wa pili ni mwinuko. Uwanja wetu wa ndege wa Luano uko mita zipatazo 1,300 juu ya bahari, na injini ya kabureta hupoteza kiasi cha asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Farasi 25 walioandikwa kwenye kibandiko wanafika hapa wakiwa 21 na kitu. Ukiona mashine imepewa injini inayotosha kwa shida tu, hapa haitatosha.

Wa tatu ni vichuguu. Vile vikubwa vya Haut-Katanga vinaweza kupita kimo cha nyumba, na kati ya vilivyopimwa kwa kaboni karibu na Lubumbashi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kipo chenye zaidi ya miaka 2,000. Wenye viwanja wengine wamevigeuza matofali, wengine wamevipanda majani vikapendeza. Usipande na mashine hii juu yavyo. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 15 za mteremko, na si kwa woga: magurudumu yanayokusukuma ndiyo breki na ndiyo usukani. Yakiteleza, umepoteza vyote vitatu kwa pamoja. Kichuguu hukatwa kwa mkono, kwa fyekeo, na bustani inayotunzwa vizuri utaitambua kwa hilo.

Pampu ya mafuta yanayosukuma magurudumu nayo haidanganyi ikiwa moto. Iendeshe mashine nusu saa, kisha uipandishe mteremko mdogo polepole. Pampu iliyochoka huwa hodari asubuhi na hulegea mafuta yakishika moto. Sukuma mikono yote miwili sawasawa kwenye uwanja tambarare: ikivuta kando, huenda inataka kurekebishwa tu, lakini ikivuta kando zaidi kadiri inavyopata joto, iache. Saa iliyoandikwa kwenye mita ilinganishe na mpira wa vishikio na kitambaa cha kiti. Saa 200 na kiti kimechanika hadi sponji? Hapana.

Mwenye kiwanja kidogo katika mitaa yetu ya Kenya au Katuba hana haja ya mashine hii, haitapita hata getini. Hata uwanja wa gofu hauitumii kila mahali: sehemu za kuzunguka shimo hukatwa na mashine ya visu vya kuzunguka kwenye roli, ambayo hukata kama mkasi. Hii ni ya maeneo mapana, shule, misheni, nyumba kubwa za zamani.

Ukishapita yote hayo, ndipo uisikilize injini: omba ukae juu ya mashine ukate mita ishirini pamoja na kona moja. Muuzaji akikukatalia, mwambie asante, uende kwa mwingine.