Kiinua Mgongo cha Asiye na Mwajiri

Tumeletewa tafsiri ya kijitabu kiwaelezacho wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani jinsi mume na mke waliojiajiri wawezavyo kujiwekea akiba ya uzeeni. Kiswahili chake ni laini, hakikwaruzi sikio. Kosa limo katika istilahi, nalo ni kosa la fedha.

Mfasiri ameuita mpango huo "kiinua mgongo". Neno hili lina maana yake: ni malipo ambayo mwajiri humpa mtumishi anayestaafu. Mwenye teksi au duka lake atamngoja nani amwinue mgongo? "Pensheni" nayo haifai, kwani hapa hakuna malipo ya kila mwezi yaliyoahidiwa na mtu. Kuna akaunti ya mtu mwenyewe, yenye fedha zake mwenyewe. Twapendekeza "akiba ya uzeeni". Hata neno "mchango" lataka uangalifu, maana kwetu mtu huchangia arusi au matanga ya wenziwe. Tumeliacha kwa kuwa limekwisha zoeleka katika mifuko ya hifadhi.

Lililo zito zaidi ni sentensi isemayo kwamba kwa mwaka wa 2025 "wanandoa hawaruhusiwi kuchanga zaidi ya dola 70,000". Sheria haisemi hivyo. Kikomo hicho ni cha mtu mmoja aliye chini ya miaka 50, si cha nyumba nzima. Mke akifanya kazi katika biashara hiyo na kupata pato lake humo, naye ana kikomo chake. Basi kwa mwaka huo wa 2025 wawili hao waliweza kufikia dola 140,000, iwapo pato la kila mmoja liliruhusu. Ilipasa kuandikwa "kila mmoja wa wanandoa".

Tena, ndani ya kikomo hicho mna mafungu mawili: fungu ambalo mtu hulitoa kama mwajiriwa, lililofikia dola 23,500 kwa mwaka wa 2025, na fungu alitoalo kama mwajiri, ambalo kwa mwenye biashara isiyo kampuni hufikia takriban asilimia 20 ya faida halisi. Mfasiri ameandika tu "mwajiri atachanga". Msomaji aliyejiajiri atairuka aya hiyo akidhani haimhusu, kumbe mwajiri ni yeye! Yangalitosha maneno machache: "wewe, ukiwa mwajiri wako mwenyewe".

Tafsiri tumeirudisha pamoja na masahihisho haya. Kuhusu "kikomo", ambalo baadhi ya wenzetu wataka liwe "upeo", twangojea maoni ya wasomaji.