"Mali Ghafi", "Plastiki Mbichi" na "Umbo la Awali": Uhakiki wa Istilahi za Forodha

Neno "plastiki" limekwisha kuzoeleka hata hatulioni tena kuwa ni la mkopo. Ndoo ni ya plastiki, kiti ni cha plastiki, mfuko ni wa plastiki. Nyumbani na sokoni neno hili moja latosha. Lifikapo forodhani halitoshi, na hapo ndipo tafsiri zetu zinapoyumba. Katika makala hii twakusudia kuhakiki istilahi chache zitumikazo katika matangazo, vijitabu vya mafunzo na hati za biashara kuhusu plastiki ambayo bado haijafanywa chombo. Hatutaji hati yoyote kwa jina, kwa kuwa kosa si la mtu mmoja wala la ofisi moja. Limetokana na istilahi ambazo hazijasanifiwa.

Yafaa kwanza tueleze mpangilio wenyewe. Mfumo Linganifu wa kuainisha bidhaa, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, ulianzishwa kwa mkataba uliofanywa Brussels tarehe 14 Juni 1983, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Ushuru wa Pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umejengwa juu ya mfumo huo. Plastiki imo katika Sura ya 39. Vichwa 3901 hadi 3914 ni vya polima zilizo katika umbo la awali. Kichwa 3915 ni cha taka, mabaki ya ukataji na chakavu. Vichwa 3916 hadi 3926 ni vya plastiki iliyokwisha kupewa umbo: fito, mabomba, matandiko ya sakafu, tando, vifungashio, vyombo vya mezani na kadhalika. Polima, kwa ufupi, ni kitu ambacho molekuli zake ni ndefu, zimeundwa kwa molekuli ndogo zilizoungana moja baada ya moja, kama shanga katika uzi.

Kosa la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni kuviita vichwa vile kumi na vinne vya mwanzo "mali ghafi za plastiki". Maneno haya ni Kiswahili safi, lakini hayalingani na maana inayotakiwa. Mali ghafi hutambulikana kwa matumizi: kitu ni mali ghafi kwa yule atakayekigeuza kuwa kitu kingine. Utando wa polithini uliofungwa katika roli ni mali ghafi kwa mwenye kiwanda cha mifuko. Hata hivyo, utando huo kwa kawaida huwa chini ya kichwa 3920, wala hauwezi kuingia 3901. Sheria haiulizi mnunuzi atafanya nini. Huuliza bidhaa ilikuwa na umbo gani ilipofika bandarini. Maelezo ya 6 ya Sura ya 39 yanayataja maumbo yenyewe: viowevu na rojo, pamoja na mitawanyiko na miyeyusho, kisha mabonge yasiyo na umbo maalumu, madonge, unga, punje, magamba na maumbo mengine ya jinsi hiyo. Orodha hiyo ina mpaka. "Mali ghafi" haina.

Kuna sababu nyingine ya kulikataa neno hilo mahali hapa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza Ushuru wa Pamoja mwaka 2005 iliweka viwango vitatu: asilimia 0 kwa mali ghafi, asilimia 10 kwa bidhaa za kati, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, kiwango cha nne, asilimia 35, kiliongezwa tarehe 1 Julai 2022. Hivyo "mali ghafi" tayari ni neno la viwango vya ushuru. Mfasiri alitumiapo pia kwa uainishaji, msomaji ataamini kwamba akithibitisha kuwa mzigo wake ni malighafi ya kiwanda, basi amekwisha kuthibitisha kichwa chake. Ukweli ni kinyume: kichwa hutangulia, kiwango hufuata. Msomaji wa Kiingereza huliona hilo katika hati ya asili. Msomaji wa Kiswahili hana pa kuliona. Naye akiandika tamko lisilo sahihi, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 haimpi nafuu kwa kuwa alipotoshwa na tafsiri.

La pili ni "plastiki mbichi". Tunalo neno "ngozi mbichi", nalo ni istilahi njema, kwani ngozi ikishatiwa dawa hairudi kuwa mbichi. Yaani ubichi katika lugha yetu ni hali inayopotea mara moja. Plastiki za jamii ya thamoplastiki haziko hivyo: hulainika kila zipashwapo moto na kuganda zipoapo, na kwa hiyo ndoo iliyovunjika yaweza kuyeyushwa na kurejeshwa kuwa punje. Sheria yenyewe imelizingatia jambo hilo. Maelezo ya 7 yasema kwamba taka na chakavu za thamoplastiki ya aina moja zikishageuzwa kuwa umbo la awali hutoka kichwa 3915 na kurudi katika vichwa 3901 hadi 3914. Punje hizo si mbichi kwa vyovyote, lakini zimo katika umbo la awali. Neno "mbichi" huzitupa nje.

Athari yake yaonekana zaidi katika kupeleka bidhaa nje. Marekebisho ya Mkataba wa Basel kuhusu taka za plastiki, yaliyopitishwa Mei 2019, yalianza kutumika tarehe 1 Januari 2021, na tangu hapo taka nyingi za plastiki haziruhusiwi kuvuka mipaka bila idhini ya nchi ipokeayo. Mwenye punje alizozitengeneza kwa kuyeyusha madumu ya aina moja, akiandikiwa "taka za plastiki zilizosindikwa", aweza kuzuiliwa mzigo ambao kwa uainishaji si taka tena.

La tatu ni "ulimbo" na "sandarusi" zitumiwapo kwa resini za viwandani. Tunaelewa nia ya mfasiri: alitafuta neno la kwetu kabla ya kukopa, na hiyo ndiyo kanuni. Lakini maneno haya yana mali yake. Sandarusi ya msandarusi ilikuwa bidhaa mashuhuri ya pwani yetu. Katika karne ya 19 ilipelekwa kutoka Zanzibar hadi Salem, Marekani, ikatumika kutengenezea vanishi. Resini za asili zimo Sura ya 13, kichwa 1301. Resini ya epoksi imo 3907. Kuziita zote sandarusi ni kuvuka sura ishirini na sita kwa neno moja. Neno la asili likiwa na kazi yake, heri tulikopee jipya jirani kuliko kulibebesha mizigo miwili.

La nne ni "polithini nyepesi". Kijisehemu 3901.10 ni cha polithini ambayo uzito wake linganishi ni chini ya 0.94, na 3901.20 ni cha ile iliyofikia 0.94 au kuzidi. Uzito linganishi ni uzito wa kitu ukilinganishwa na ule wa maji ya ujazo uleule. Msomaji akutanapo na neno "nyepesi" hufikiri wembamba, na kukumbuka mifuko iliyopigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019. Kumbe mfuko ule mwembamba wenye kuchakarisha aghalabu ulitengenezwa kwa polithini ya uzito linganishi mkubwa. Unene ni sifa ya utando. Uzito linganishi ni sifa ya polima yenyewe.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo, wasomaji wayapime:

(a) "umbo la awali" (wingi: maumbo ya awali) kwa hali zote zilizotajwa katika Maelezo ya 6, na "mali ghafi" iachiwe viwango vya ushuru na lugha ya viwanda;

(b) "plastiki mbichi" iachwe kabisa;

(c) "taka, mabaki ya ukataji na chakavu" kwa kichwa 3915 peke yake, na "punje za marejeleo" kwa zilizorudishwa katika umbo la awali;

(d) "resini" kwa za viwandani; "sandarusi" na "ulimbo" zibaki kwa za miti;

(e) "polithini ya uzito linganishi mdogo" na "mkubwa", ijapokuwa ni ndefu.

Huenda wengine wakasema kwamba hati zenye nguvu za Mfumo Linganifu ni za Kiingereza na Kifaransa, hivyo usahihi wa Kiswahili si jambo la dharura. Hatukubaliani nao. Karani, wakala na mwenye karakana huamua la kuandika kwa kufuata maelezo waliyoyasoma kwa lugha wanayoielewa, na faini hulipwa kwa yaliyoandikwa. Walimu wa biashara na watumishi wa forodha walio na maneno bora kuliko haya, au wanaoyajua yatumikayo ghalani na viwandani, twawaomba watuletee kabla orodha haijasanifiwa.