Maktaba Isiyo na Mtunzaji: Uhakiki wa Vitabu vya Intaneti kwa Mwanafunzi wa Theolojia

Miaka kadhaa iliyopita nilihubiri katika ibada ya kupanda miti. Nilimaliza mahubiri kwa neno ambalo wachungaji wengi wa Kilutheri wamelisikia: kwamba Martin Luther alisema, hata kama angejua dunia inakwisha kesho, leo angepanda mti wake wa tofaa. Washarika walifurahi. Baada ya ibada mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa pili alinijia kwa heshima akasema, "Mchungaji, naomba kujua Luther aliyaandika wapi maneno hayo, nami niyatumie katika insha yangu." Nilimwahidi kumletea. Nilitafuta juma zima nisiyapate. Luther alifariki mwaka 1546, na maandishi ya zamani zaidi yanayojulikana yenye neno hilo ni barua iliyosambazwa katika kanisa la Hessen, Ujerumani, mwaka 1944. Mimi nililitoa katika ukurasa mmoja wa intaneti uliopambwa kwa picha ya Luther. Niliiamini picha.

Ikiwa mwalimu amejikwaa hivyo mahali peupe, tumtazamieje mwanafunzi ambaye ana simu mkononi, kifurushi cha intaneti kinachokwisha usiku wa manane, na insha inayotakiwa asubuhi? Makala hii ina lengo la kuzipima baadhi ya maktaba za intaneti ambazo wanafunzi wetu wanazitumia, au wangefaa kuzitumia, kwa ajili ya utafiti na uandishi. Sitaki kuzilaani, kwa maana nimefaidika nazo. Wala sitaki kuzisifu tu, kama tulivyozoea kufanya kila tunapopewa kitu bure.

Kipimo chetu hatuna haja ya kukitafuta mbali. Mwaka 1524 Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe shule za Kikristo. Karibu na mwisho wa waraka huo aliwataka pia wajenge maktaba nzuri. Lakini alionya kwamba kazi si kurundika vitabu vya kila namna pasipo kuchagua. Alitaja vya kutangulia: Maandiko Matakatifu katika lugha zake za asili na katika lugha za watu, kisha wafafanuzi walio bora, kisha vitabu vya kufundishia lugha, elimu mbalimbali na historia. Kwa Luther, basi, maktaba ni uchaguzi. Huo ndio upungufu mkubwa wa intaneti: rundo lipo, na mchaguzi hayupo.

Tuanze na Maandiko, kwa kuwa hapo ndipo intaneti inapostahili sifa. Hati ya Sinai, iliyoandikwa katika karne ya nne, imegawanyika katika mikono minne: London, Leipzig, St. Petersburg na monasteri ya Mtakatifu Katarina huko Sinai. Tangu mwaka 2009 kurasa zake zote zilizosalia zinaonekana pamoja kwa picha, na maandishi yake yamenakiliwa kando. Mwanafunzi wa Kigiriki aweza kuona kwa macho yake kwamba Injili ya Marko katika hati hiyo inakoma kwenye 16:8. Hapo awali mimi niliwaambia wanafunzi jambo hilo nao wakaniamini tu. Leo naweza kuwaonyesha. Chama cha Biblia cha Ujerumani nacho kinatoa bure matini ya Kigiriki ya Nestle-Aland, toleo la 28, pamoja na Agano la Kale la Kiebrania. Kasoro yake ni kwamba matini hiyo ya bure haina maelezo ya chini yanayoonyesha tofauti za hati. Kwa hiyo inamfaa msomaji anayetafsiri, bali haimtoshi anayetaka kuamua kati ya usomaji mmoja na mwingine. Kitabu chenyewe bado kinatakiwa rafuni.

Tukifika kwa wafafanuzi, hali inageuka. Vitabu vingi vinavyotolewa bure ni vile ambavyo haki ya kunakili imekwisha, yaani vitabu vya kale. Sheria hiyo ya biashara, ambayo haikutungwa kwa ajili ya theolojia, ndiyo leo inayowachagulia wanafunzi wetu walimu. Mtu akitafuta ufafanuzi wa Warumi bila fedha, yaelekea atafikishwa kwa Matthew Henry, mchungaji Mwingereza aliyefariki mwaka 1714. Nimesoma insha nyingi zenye maneno "Matthew Henry anasema kuhusu Warumi". Kwa kweli Henry alifariki akiwa amefika mwisho wa Matendo ya Mitume. Kuanzia Warumi hadi Ufunuo kazi ilikamilishwa na wachungaji wengine. Mwanafunzi anamnukuu mtu asiyemjua, kwa jina la mtu asiyeandika, juu ya swali ambalo halikuulizwa kwetu.

Sisemi kwamba cha kale ni kibaya. Mlutheri asemaye hivyo amekata tawi alilokalia. Maandishi ya Mababa wa Kanisa yanayopatikana katika maktaba ya Christian Classics Ethereal Library ni hazina, na nisingependa mwanafunzi amalize masomo bila kumsoma Athanasio. Lakini tafsiri hizo za Kiingereza ni za karne ya 19. Wenye kuzitafsiri hawakujua maandishi ya Nag Hammadi yaliyogunduliwa mwaka 1945, wala magombo ya Bahari ya Chumvi yaliyoanza kupatikana mwaka 1947. Vivyo hivyo tafsiri ya Kiingereza ya maandiko yetu ya ungamo inayopatikana kwa wingi bila malipo ni ile ya mwaka 1921, ingawa zimekuja nyingine baadaye, mojawapo ya mwaka 2000. Na Itifaki ya Strong, ambayo namba zake zimejaa katika programu za simu, ilitolewa mwaka 1890. Namba ya Strong humwonyesha msomaji neno; haimfundishi sarufi. Mwanafunzi anayejumlisha maana zote zilizoorodheshwa chini ya namba moja na kuzihubiri kwa pamoja hajafafanua Neno, amesoma orodha.

Basi kanuni ya kwanza ninayopendekeza ni hii: kabla ya kunukuu kitabu chochote cha intaneti, mwanafunzi aandike mambo manne, yaani nani aliandika, mwaka gani, kwa ajili ya nani, na katika ukurasa upi. Likikosekana moja, kitabu hicho kisubiri. Kanuni hii ingeniokoa mimi siku ile ya kupanda miti.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni hili: je, katika maktaba hizo anayesema habari zetu ni nani? Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani, kimeweka hadharani mkusanyo mkubwa wa picha za wamisionari, zikiwamo za Misheni ya Leipzig iliyofanya kazi Kilimanjaro. Nimezitazama kwa saa nyingi. Zina majengo ya kwanza ya makanisa yetu, shule, migomba, na nyuso za wazee wetu wa imani. Ni zawadi kubwa. Hata hivyo maelezo ya picha hizo yalitoka kwa waliozipiga. Mara nyingi mmisionari ametajwa kwa jina, na Mwafrika aliyesimama kando yake ametajwa kwa kabila au kazi yake tu. Mwanafunzi akizitumia bila kufikiri, anairudia historia ambamo babu yake ni sehemu ya mandhari.

Wapo waliokwisha kuliona tatizo hilo. Kamusi ya wasifu wa Wakristo wa Afrika, iitwayo Dictionary of African Christian Biography, ilianzishwa mwaka 1995, na kwa sasa inatunzwa katika Chuo Kikuu cha Boston. Faida yake ni kwamba inapokea habari zilizoandikwa na wanafunzi na walimu wa Afrika wenyewe, wakiwahoji walio hai. Kasoro yake inatokana na faida hiyo hiyo: habari zake hazilingani kwa kina. Nyingine zimetafitiwa vizuri, nyingine ni sifa za mazishi. Lakini kasoro hiyo sisi tunaweza kuisahihisha, kwa sababu mlango uko wazi. Mwinjilisti aliyefungua mtaa wako hatapatikana humo mpaka wewe umwandike.

Kwa majarida hali ni njema kuliko wengi wanavyodhani. African Journals Online, iliyoanza mwaka 1998, inakusanya majarida ya Afrika mahali pamoja, na orodha iitwayo DOAJ, iliyoanzishwa Lund, Uswidi, mwaka 2003, inaonyesha majarida ambayo kila mtu anaweza kuyasoma bure. Jarida la HTS la Pretoria, lililoanza mwaka 1943, leo liko wazi lote. Tofauti na wafafanuzi wa kale, humu mna wasomi walio hai, wengi wao Waafrika, wanaojibu maswali ya leo. Ningemshauri mwanafunzi aanzie hapa, kisha ndipo aende Google Scholar, ambayo ni pana mno na haitofautishi jarida lenye wahakiki na lile linalochapisha chochote kwa malipo.

Nageukia uandishi. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, tangu mwaka 1994 kimeweka katika intaneti mafundisho ya kuandika insha na kupanga marejeo. Ni msaada safi kwa tanbihi, na programu ya Zotero, iliyotolewa mwaka 2006, huyatunza marejeo hayo bila malipo. Lakini mafundisho ya Purdue yametungwa kwa ajili ya Kiingereza na kwa ajili ya darasa la Marekani. Mwanafunzi anayeandika tasnifu kwa Kiswahili anapata humo umbo la tanbihi. Hapati namna ya kujenga hoja kwa Kiswahili fasaha. Hilo ni deni letu sisi walimu, na tusimdai Mmarekani.

Kuhusu programu zinazotunga insha zenyewe, ambazo zimeenea tangu mwishoni mwa mwaka 2022, nitasema neno moja la mwalimu na moja la mchungaji. Kama mwalimu: programu hizi huweza kubuni vitabu. Nimepokea insha yenye marejeo yaliyopangwa vizuri kabisa, waandishi, miaka na wachapishaji, na vitatu kati ya vitabu hivyo havikuwahi kuandikwa. Kama mchungaji: katika dibaji ya mwaka 1539 Luther alisema kwamba mwanatheolojia hufanywa kwa sala, kutafakari na majaribu. Programu yaweza kumpa mwanafunzi kurasa kumi. Haiwezi kujaribiwa kwa niaba yake. Mwaka kesho atasimama kando ya kaburi la mtoto, na mama wa marehemu atamwuliza swali. Huko hakuna kunakili.

Msomaji aweza kunipinga akisema: "Mwalimu, unatuwekea masharti ya matajiri. Rafu zetu ni tupu, na intaneti ndiyo maktaba pekee tuliyo nayo." Pingamizi hilo ni la haki, nami sina jibu la kuliondoa lote. Vyuo vyetu vingi haviwezi kununua vitabu vipya kila mwaka. Lakini ndiyo sababu hasa tusitegemee rundo la wengine peke yake. Maktaba kubwa ya Internet Archive, iliyoanza mwaka 1996, ilikuwa ikiazima hata vitabu vyenye haki ya kunakili. Wachapishaji waliishtaki, mahakama ya New York ikawapa ushindi mwaka 2023, na rufani ikashindwa mwaka 2024. Zaidi ya vitabu 500,000 viliondolewa katika uazimaji. Mgeni hapangi saa ya kufungwa kwa nyumba ya mwenyeji wake.

Wakati huo huo, katika makabati ya vyuo vyetu zimo tasnifu za wanafunzi wa miaka mingi: mahojiano na wazee ambao sasa wamelala, habari za uamsho, za mazishi, za ndoa, za migogoro ya sharika na jinsi ilivyopatanishwa. Nyingi zina nakala moja tu, na mchwa hawaulizi haki ya kunakili. Hizi ndizo vitabu ambavyo hakuna maktaba ya Los Angeles wala Leipzig itakayotupatia. Napendekeza kila chuo kianze mwaka huu kuzipiga picha, kwa idhini ya waandishi, na kuziweka mahali ambapo wanafunzi wote watazisoma. Napendekeza pia mtunza maktaba apakue mara moja vitabu vilivyochaguliwa na walimu na kuviweka katika kompyuta ya chuo, ili mwanafunzi asiye na fedha ya kifurushi asome sawasawa na mwenzake. Hapo ndipo agizo la mwaka 1524 litakapokuwa limetimizwa kwetu: vitabu vimechaguliwa, na mchaguzi anajulikana.

Mwanafunzi yule wa mti wa tofaa hakupata rejea aliyoitaka. Nilimwambia ukweli, na Jumapili iliyofuata niliwaambia na washarika kwamba neno lile halikuwa la Luther. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kama basi ile miti ing'olewe. La, nilimjibu, miti ibaki. Mwanafunzi naye aliandika insha yake juu ya jinsi neno hilo lilivyopewa jina la Luther, nayo ilikuwa bora kuliko mahubiri yangu.