Kimya cha skrini, kelele za nyumba



Kuna maneno yanayorudi kila mara kati yetu, zaidi kwa wale wenye wako na TFC, memwari ao kitabu chenye kimebakia nusu: "Nikipata programu nzuri, nitaandika." Njo maana leo ninapenda kupima aina moja ya programu zenye zinaahidi jambo hilo hasa. Zinafunika skrini nzima, zinaficha menyu, saa, ujumbe na vyote, zinakuachia ukurasa mtupu. Nitachukua FocusWriter kama mfano, sababu ni ya bure, inakaa kwenye kle USB, na inatembea hata kwenye mashini ya zamani. Kisha nitaingia kwenye wazo lenye liko nyuma yake, kwa kuwa hilo wazo mimi silikubali lote.

Tuanze na asili yake. Mwaka 2006 ilitoka WriteRoom kwa ajili ya kompyuta za Mac: herufi za kijani kwenye giza, basi. Mwaka 2010 ikaja iA Writer kwenye iPad, yenye inafifisha maandishi mengine na kuacha sehemu unayoiandika peke yake. Baadaye watu wakatengeneza mpaka mashini kamili, Freewrite, yenye haifanyi kazi nyingine isipokuwa kuandika. Ilipoanza kuuzwa, bei yake ilikuwa karibu dola 500. Waandishi wakubwa nao walikuwa na njia zao. George R. R. Martin alisema kwenye televisheni mwaka 2014 kwamba anaandikia WordStar 4.0 kwenye kompyuta ya DOS yenye haina intaneti. Zadie Smith, katika kitabu chake NW cha mwaka 2012, alizishukuru programu mbili zenye zinafunga intaneti, Freedom na SelfControl. Jonathan Franzen yeye alitia gundi kwenye tundu la waya wa intaneti.

Tuangalie vizuri hao watu wanakimbia nini. Wanakimbia intaneti yenye haikatiki. Iko nyumbani asubuhi mpaka usiku, imelipiwa kwa mwezi, na kila programu kwenye kompyuta inawaita. Mtu wa namna hiyo akifunika skrini, amefunga mlango wa kweli.

Sasa sisi. Wengi wetu mega zinajifunga zenyewe. Kompyuta, kama iko, mara nyingi haijaunganishwa na kitu. WhatsApp yenye inatusumbua iko kwenye simu, pembeni ya kompyuta, na FocusWriter haifiki pale. Tena wengi wanaandika kwenye simu yenyewe, na FocusWriter haina toleo la simu. Kwa hiyo dawa imetengenezwa kwa ugonjwa mwingine. Haimaanishi haitusaidii. Inatusaidia, lakini kwa sababu zenye si zile zimeandikwa kwenye sifa zake.

Faida ya kwanza: inahifadhi kazi yenyewe ukiiruhusu. Kule ilikotoka, hilo ni jambo dogo. Huku kwetu, penye umeme unaweza kuondoka katikati ya sentensi na batri ya mashini imekufa zamani, hilo peke yake linatosha kuiweka. Faida ya pili: haikupi nafasi kubwa ya kupamba maandishi. Tunajuana. Mtu anafungua Word ili aandike utangulizi, saa mbili zinapita yuko anapanga ukurasa wa mbele, alama ya université, rangi ya vichwa, ukubwa wa herufi. Usiku anasema amefanya kazi, kumbe hakuna hata fungu moja. Kwenye FocusWriter vya kupamba maandishi ni vichache. Unaandika, ao unaangalia ukurasa mtupu na haya inakukamata.

Lakini iko na kasoro, na kwa kazi zetu si ndogo.

Kuna namna yake ya kufifisha mistari ili uone ule unaouandika tu. Kwa mtu wa riwaya, labda ni vizuri. Kwa mtu wa hoja, ni hatari. Hoja inasimama juu ya fungu lililotangulia, kama mmea juu ya mzizi. Ukiandika kwamba mavuno ya muhogo yalishuka sababu ya mozaiki, lazima macho yarudi juu kuona kama ulishasema mbegu zilitoka wapi. Ukifichiwa, unajirudia, ao unajipinga bila kujua. Tena programu hii haina jedwali, haina picha, haina maelezo ya chini ya ukurasa. Memwari ya agronomia bila jedwali la mavuno kwa hektari ni hadithi tu. Ninasema: andikia humo mazungumzo ya sura, si sura yenyewe.

Kasoro ya pili ni hesabu ya maneno. Unaweza kujiwekea lengo la siku, maneno 1,000 tuseme, na programu inakuonyesha umefika wapi. Inafurahisha, kweli. Lakini sisi wa mashamba tunajua hatari ya kupima mahindi mabichi. Mahindi yanayotoka shambani yanaweza kuwa na maji asilimia 25 ao zaidi, na ghala linataka karibu 13. Mwenye anapima siku ya mavuno anaona gunia zito. Mwenye anapima baada ya kukausha njo anajua kama watoto watakula mpaka msimu mwingine. Programu inapima siku ya mavuno. Siku yenye ulifuta maneno 400 ya bure ukabakisha 100 yenye nguvu, kwenye hesabu yake ni siku mbaya. Mwanafunzi mwenye anaamini ile namba ataanza kujaza maji.

Kasoro ya tatu inatugusa sisi wenye tunaandika Kiswahili. Kompyuta nyingi huku zimewekwa kwa Kifaransa. Ukiandika Kiswahili, kila neno linapigwa mstari mwekundu chini, ukurasa mzima kama kazi ya mwanafunzi mwenye amefeli. Kwenye simu ni mbaya zaidi: unaandika "ile", inageuka "île", kisiwa. Huo usumbufu uko ndani ya maandishi yenyewe, na kufunika skrini hakuuondoi. FocusWriter inakuruhusu kuzima ukaguzi huo, na unaweza kuiongezea kamusi ya Kiswahili, lakini lazima ujue pa kwenda. Mimi ninashauri uzime kabisa kwenye nakala ya kwanza. Mtu mwenye anaambiwa kosa kwa kila neno la mama yake, mwisho anarudia Kifaransa, hata kwa mambo ambayo wakulima wake walimwambia kwa Kiswahili.

Sasa tufike kwenye wazo lenyewe. Mwaka 1929 Virginia Woolf wa Uingereza alichapisha kitabu, A Room of One's Own, na hoja yake kubwa ilikuwa wazi: mwanamke akitaka kuandika, anahitaji pesa zake na chumba chake mwenyewe. Hizi programu zinauza picha ya kile chumba. Ukurasa mtupu, mandhari ya mbao, mpaka sauti ya taipureta ukiitaka. Lakini chumba chenyewe hazitoi.

Tuangalie dada zetu. Msichana na kaka yake wote wako na lisansi, wote wanaandika memwari ao makala, kwenye nyumba moja, mashini moja. Kaka akifungua kompyuta, watu wanasema: "Muache, anasoma." Dada akifungua, saa hiyo hiyo: "Njoo uangalie sombe, inaungua." Akimaliza, mtoto wa yaya analia. Akirudi, batri imeisha. Hapo FocusWriter itazima nini? Usumbufu wake hauna menyu, uko na jina, na ni watu anaowapenda na kuwaheshimu, kwa hiyo hawezi kuwajibu vibaya. Ukimwambia tatizo lake ni kukosa programu ya umakini, umemtukana bila kujua. Umemwambia kosa ni la kichwa chake, wakati ni mpango wa nyumba.

Hapo njo penye ninazilaumu programu hizi zote pamoja. Zinafundisha kwamba kuandika ni vita vya mtu mmoja na uvivu wake. Asipomaliza, anajilaumu, anatafuta programu nyingine. Huku kwetu muda wa kuandika unaombwa kwa watu: kwa mama, kwa mume, kwa bakubwa, kwa jirani mwenye anaweka muziki. Saa mbili zilizokubaliwa na nyumba nzima, na mtu mwingine akashika sombe, zinapita programu yoyote ya dola 500.

Hukumu yangu: FocusWriter muichukue. Ni nyepesi, ni ya bure, inaokoa kazi umeme ukienda. Muzime ukaguzi wa lugha, muzime kufifisha mistari, namba ya maneno muiangalie mara moja kwa juma. Nakala ya pili muipeleke Word ao LibreOffice, penye kuna jedwali. Wenye wako na simu tu, wazime data na waandike kwenye programu ya kawaida ya kumbukumbu. Tofauti haitakuwa kubwa. Na wakaka wenye wanasoma hapa, leo jioni dada akifungua mashini, mumuulize anahitaji saa ngapi, kisha muende jikoni.