Mguu wa Juu, Mkono wa Chini

Lori linalotoka Luofu na viazi na maharagwe haliulizwi kama litapanda. Watu wa kusini mwa Lubero wanajua kwamba swali ni kushuka. Anayeelekea Goma, akishapita Kanyabayonga, anakutana na Kabasha: barabara inajipinda ukingoni mwa mlima hadi tambarare ya Rwindi, ndani ya hifadhi ya Virunga. Hapo ndipo inapopimwa kazi ya mtu aliyelala chali chini ya lori hilo siku chache zilizopita, akitoa hewa kwenye breki baada ya kubadilisha vipuri. Mteja huiona silinda mpya na kuilipia. Kutoka kwa hewa hakuoni. Ndiyo sababu naisifu kazi hiyo.

Malori makubwa husimamishwa na hewa iliyoshindiliwa. Madogo, kama Canter zinazozoa mazao vijijini, hutegemea mafuta. Mguu ukikanyaga, silinda kuu inayasukuma mafuta kwenye mirija ya chuma, yanafika kwenye silinda ndogo za magurudumu, na viatu vya breki vinabana ngoma. Mafuta hayakubali kubanwa, hewa inakubali. Fundi akishafungua silinda abadilishe raba zilizochakaa, hewa imeingia, na kila povu litakula sehemu ya nguvu ya mguu. Blaise Pascal, Mfaransa wa karne ya 17, alieleza kwamba shinikizo ndani ya kimiminika kilichofungwa huenea sawa pande zote. Kwa hiyo povu lililojificha kwenye gurudumu moja huyaibia na mengine yanayokula mfumo mmoja nalo.

Fundi anaanza na gurudumu ambalo njia yake ya mafuta ni ndefu kuliko zote. Kongo tunapita upande wa kulia, lakini magari mengi yanatufikia kupitia Uganda yakiwa na usukani kulia, kwa hiyo kukariri "nyuma kulia" hakutoshi. Anaufuata mrija kwa macho na vidole, kutoka silinda kuu hadi mwisho wake. Kisha anachomeka kimrija cha plastiki kwenye nipo, kile kiskrubu cha gurudumuni cha kutolea hewa, ncha ya pili anaizamisha ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, na anaita.

"Pompa!"

Juu, kwenye kiti cha shofa, kijana anayejifunza kazi anapompa taratibu.

"Shika!"

"Nimeshika, papa."

Nipo inafunguliwa kidogo. Mafuta yanatoka na mapovu yake, na pedali inazama hadi sakafuni. Kijana haruhusiwi kuinua mguu mpaka nipo ifungwe na asikie "Achia!" Akitangulia, mfumo unavuta hewa upya na jasho la asubuhi nzima linapotea. Fundi haioni pedali, kijana haioni nipo; kilichopo kati yao ni sauti. Watu humsifu aliyechafuka na kumsahau aliyekaa. Mimi naona kijana huyu amekabidhiwa sehemu ngumu: kukaza mguu bila kuona kinachotokea, na kutokisia amri kabla haijatolewa.

Chombo cha mafuta kinacholisha silinda kuu nacho hakiachwi kikauke, maana kikikauka hewa inaingia kutoka juu. Na mafuta yaliyotoka hayarudishwi. Hapo ndipo uaminifu unapogharimu pesa, kwa kuwa bidhaa nyingi zinakuja kwa njia ya Kasindi, mpakani na Uganda, na vita vilivyoingia Kanyabayonga mwishoni mwa Juni 2024 vimezidisha ugumu. Lakini mafuta ya breki hunyonya unyevu. Yale ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki chini ya nyuzijoto 205. Yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika ni 140 tu. Breki zikishikwa mfululizo Kabasha nzima, joto hilo linaweza kufikiwa, mafuta yachemke, mvuke uzaliwe ndani ya silinda, na pedali iende chini bila kukamata kitu. Anayemimina tena mafuta machafu anauza povu la kesho.

Mapovu yanapokwisha kwenye chupa, mguu wa kijana ndio unaotoa hukumu. Pedali ikiwa na ulaini wa sponji, hewa bado imo. Ikienda mbali, kisha ikapanda na kukaza baada ya kupompwa mara mbili tatu, huenda viatu viko mbali na ngoma, visogezwe. Ikikaza halafu ikazama polepole chini ya mguu uliotulia, mafuta yanapita mahali: kwenye kiungo kinachovuja, au kwenye raba za silinda kuu yenyewe. Kijana akisema, "Papa, inashuka," fundi wa kweli habishani naye, hata kama mwenye viazi amesimama mlangoni. Anakagua viungo kimoja kimoja, na vikiwa vikavu, anaifungua tena silinda kuu.