Heko, Mafundi wa Mlango wa Uani

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita nyanda za Songwe hadi Tunduma, unakoungana na Zambia. Ruta ikigoma mpakani, nyaraka za mizigo hukwama na malori hupanga foleni.

Nawapongeza mafundi wa mtandao wanaofunga seva ya konsoli kabla ya balaa. Kifaa hiki huungwa kwa kebo kwenye tundu la konsoli la kila ruta na swichi, kisha hupewa njia yake yenyewe, mara nyingi modemu ya simu. Ni mlango wa uani: wa mbele ukijifunga, fundi aliye Dar es Salaam huingia kwa huo wa uani, akasoma ruta inavyowaka na kurudisha mpangilio uliokuwa ukifanya kazi. Kasi ya kawaida ya tundu la konsoli, biti 9,600 kwa sekunde, ni ndogo, lakini yatosha kwa maandishi.

Heko zaidi kwa wanaoulinda mlango huo kwa nywila imara, wakaupa betri na kuujaribu mara kwa mara. Watu wa Ruanda, Vwawa na Tunduma, mkoani Songwe, wananufaika na umakini wao. Wanaopanga bajeti wawape mafundi hawa vifaa bila kusita.